Hapana ya Mzazi na Hapana ya Mtoto

Somo la familia

Masomo: Mwanzo 2:15-17, Kutoka 18:1-24, 1 Wafalme 1:5-6, Danieli 1:8-16, Mathayo 21:28-31



Somo letu linahusu neno moja fupi: hapana. Mzazi hulisema mara nyingi kwa siku, na mtoto wa miaka miwili humrudishia bila kuogopa. Hapa Rusizi watoto wetu wanalisema kwa lugha mbili: nyumbani hapana, kwa jirani oya. Wazazi wengi wanauliza: Je, mtoto mdogo hivi ameshakuwa mwasi? Na sisi tunaotoka alfajiri kwenda sokoni Kamembe, kwenye chai ya Shagasha au mashamba ya mpunga ya Bugarama, tutamkatazaje jioni mtoto ambaye hatukushinda naye?

1. Mungu alianza na ruhusa

Tusome Mwanzo 2:16-17 polepole. Kabla Mungu hajautaja mti mmoja uliokatazwa, alimpa Adamu ruhusa ya kula miti mingine yote ya bustani. Ruhusa ilikuwa kubwa, katazo lilikuwa moja, na sababu yake ilielezwa.

Sasa tuangalie nyumba zetu. Familia nzima inaishi katika chumba kimoja. Mtoto anasikia: usiguse, usitoke, usipande, nyamaza. Mtoto huyo haoni bustani. Anaona miti iliyokatazwa tu. Ni kweli kwamba makatazo mengine hayaondoki: moto, maji ya moto, barabara yenye pikipiki. Basi tuchague machache na kuyashika. Na kando ya kila katazo tuweke ruhusa: "Usiguse mbabula, itakuunguza. Njoo hapa, unipangie viazi hivi." Mtoto wa umri huo hashiki maneno mengi. Anaelewa sauti tulivu, mkono unaomwondoa penye hatari, na jambo lile lile kurudiwa kila siku.

2. Hapana ya kweli na hapana ya uchovu

Mzazi anayefanya kazi husema hapana kwa sababu tatu: hatari, ukosefu wa pesa, na uchovu. Hatari tumekwisha kuisema.

Kuhusu pesa, wengi wetu hatusemi hapana, tunasema "kesho". Mtoto anaomba biskuti, tunamwambia kesho. Kesho inafika, nayo biskuti haipo. Wazee walisema ahadi ni deni, na Bwana katika Mathayo 5:37 anataka ndiyo yetu iwe ndiyo kweli na siyo yetu iwe siyo kweli. Si aibu kumwambia mtoto: "Leo hatuna pesa ya biskuti. Tuna viazi, tutakula pamoja." Atalia, lakini atajifunza kwamba neno la mama na la baba linaaminika.

Hapana ya uchovu ni ile ya jioni. Tunakataa, mtoto analia, tunakataa kwa ukali zaidi, analia zaidi, kisha tunampa. Hapo amejifunza kwamba kilio ni ufunguo. Kama jambo linaweza kuruhusiwa, turuhusu tangu mwanzo. Kama haliwezekani, tusibadilike, lakini tukae karibu naye mpaka kilio kiishe.

Wengine hawakatazi kabisa. Tumemwacha mtoto mchana kutwa, tena alikimbia vita pamoja nasi, basi tunataka kumfidia kwa kumpa kila anachotaka. Huruma hiyo tunaielewa. Lakini 1 Wafalme 1:6 inatuambia kwamba Daudi, mfalme mwenye kazi nyingi na vita vingi, hakuwahi kumkemea mwanawe Adonia wala kumwuliza sababu ya matendo yake. Mwisho wake Adonia alijitawaza mwenyewe baba yake akiwa bado hai.

3. Mtoto anaposema hapana

Kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu hivi, mtoto hugundua kwamba yeye ni mtu mwenye nia yake. Maneno yake bado ni machache, kwa hiyo hapana moja inabeba mengi: nimechoka, nina njaa, naogopa, nataka kujaribu mwenyewe. Kati ya watoto waliovushwa mpaka wakiwa mgongoni, vita vilipofika Bukavu Februari 2025 au mapigano yalipowasukuma watu kuelekea Bugarama Desemba 2025, wengi wamefikia au wanafikia umri huu. Kabla ya kumwita mwasi, tujiulize hapana yake inasema nini.

Katika Mathayo 21 Bwana anasimulia habari ya wana wawili. Wa kwanza alikataa kwenda shambani, kisha akajuta akaenda. Wa pili aliitika vizuri, lakini hakwenda. Bwana hakusifu ukaidi. Alionyesha kwamba jibu la kwanza la mdomo si mwisho wa habari. Mtoto aliyepigwa mpaka akasema ndiyo kwa hofu anaweza kuwa yule mwana wa pili.

Tena tumwangalie Danieli. Alikuwa kijana uhamishoni, mbali na nchi yake, chini ya mfalme mwenye nguvu. Alikataa chakula cha mfalme, lakini kwa heshima: aliomba, akaeleza, akapendekeza siku kumi za majaribio. Watoto wetu nao wako ugenini. Siku moja atakuja mtu mzima mwenye peremende na nia mbaya. Atakuja anayemwita kijana ashike bunduki. Atakuja anayemwahidi binti pesa. Mtoto aliyefundishwa kwamba mkubwa hakataliwi kamwe, siku hiyo atalipata wapi neno?

Kwa hiyo hapana ya mtoto haifai kuuawa, inafaa kulelewa. Katika mambo madogo tumpe nafasi: achague shati gani, akatae kukumbatiwa na mgeni. Katika dawa, usafi na hatari, mzazi ndiye anayeamua, bila matusi. Na mapema tumfundishe: mwili wako usiguswe vibaya na mtu, ikitokea, kataa, kimbia, tuambie. Mtoto aliyetendewa uovu hana kosa, hata kama hakuweza kukataa. Asifichwe kwa sababu ya aibu. Hapa Rwanda kuna vituo vya Isange katika hospitali za wilaya, huduma iliyoanza Kigali mwaka 2009, ambako aliyedhulumiwa hupokelewa na kutibiwa.

4. Hapana kwa kazi

Kutoka 18 inaanza na familia. Yethro anamletea Musa mke wake Zipora na wana wao wawili, waliokuwa mbali naye. Jina la Gershomu, mwana wa kwanza, linakumbusha ugeni wa baba yake katika nchi isiyo yake. Kesho yake Musa aliketi kazini tangu asubuhi hata jioni. Yethro alimwambia kazi hiyo itamchosha yeye na watu wake, akamshauri kugawana mzigo.

Hatumwekei mzigo mama anayelipwa kwa siku, ambaye akikataa kazi watoto watalala njaa. Lakini yapo tunayoweza kuyakataa: maongezi marefu njiani, simu mkononi wakati mtoto anaongea, mikutano inayoingia usiku. Viongozi wa kanisa tumalize vikao vya jioni mapema, wazazi wawahi nyumbani. Majirani wapeane zamu za kulinda watoto, na penye irerero watoto wapelekwe. Tena tuseme hapana kwa desturi ya kumtoa shule binti wa miaka minane ili amlee mdogo wake.

Zoezi la juma hili

Baba na mama wakae pamoja wachague makatazo matatu tu ya nyumba yao, wayashike wote wawili. Aliye peke yake akubaliane na anayebaki na mtoto. Na kila jioni, kabla ya kazi za nyumbani, mtoto apewe muda mfupi wa kukaa mapajani.

Maswali ya kujadili

1. Ni ahadi gani ya "kesho" tunayodaiwa na watoto wetu?
2. Mtoto wetu akisema hapana, huwa anataka kutuambia nini?
3. Danieli alikataa kwa njia gani? Tutawafundishaje watoto kukataa hivyo?

Sala

Bwana, wewe unayetukataza kwa upendo, utupe neno la kweli vinywani mwetu na subira jioni tunapochoka. Uwalinde watoto wetu ugenini, uwape ujasiri wa kukataa mabaya na moyo wa kuitika mema. Amina.