Bustani za Umma katika Jiji la Nairobi

Wengi wetu tukisikia neno "jiji" twafikiria majumba marefu, magari na moshi. Ni wachache wakumbukao kwamba Nairobi ina misitu, mito na bustani ambazo ni mali ya kila raia. Mwalimu wetu wa Jiografia alitupa kazi ya kuchunguza, wakati wa likizo, mahali pamoja pa umma karibu na kwetu. Mimi kwetu ni Nairobi, nami nilizitembelea bustani nne. Yale niliyoyapata nayaandika hapa, kwani yaonekana kwangu kuwa ni mambo yampasayo kila mwanafunzi kuyajua.

Bustani zina kazi gani?

Mtu aweza kuuliza, "Jiji lina haja gani ya miti, hali watu hawana nyumba za kutosha?" Swali hili ni la haki, na lastahili kujibiwa.

Kwanza, tuitazame mvua. Mvua inyeshapo penye miti na nyasi, maji huingia ardhini polepole. Inyeshapo juu ya lami na saruji, hayana pa kuingia, basi hukimbilia mitoni yote kwa wakati mmoja. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mito ya Nairobi ilifurika, na watu waliokaa kandokando yake, kama vile Mathare, walipoteza nyumba na hata maisha. Waliodhurika zaidi ni maskini.

Pili, miti hupunguza joto na vumbi. Tatu, mtu akaaye katika chumba kimoja na watoto wanne hana ua wala baraza. Bustani ya umma ndiyo ua wake. Tajiri aweza kununua kivuli. Maskini hana kingine ila kile cha watu wote.

Bustani ya Jeevanjee

Bustani hii i katikati ya mji, kando ya barabara ya Moi. Ni ndogo, ukubwa wake wapata ekari tano tu. Ilitolewa kwa wakazi wa mji mwaka 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyetoka Karachi, ambaye alifanya kazi nyingi za ujenzi wakati wa kutengenezwa kwa reli ya Uganda. Saa za mchana utawakuta wahubiri, wapiga picha, watu wanaobishana habari za siasa, na wengine waliolala usingizi nyasini. Hapana anayewauliza wamefuata nini.

Mwaka 1991 palitokea mpango wa kujenga mahali pa kuegesha magari katika bustani hiyo. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, alisimama na wenzake kuupinga, na bustani ikabaki.

Arboreto

Karibu na Ikulu pana Arboreto, yaani shamba la kukusanyia miti ya aina mbalimbali. Ilianzishwa mwaka 1907. Zamani zile garimoshi zilichoma kuni, na wenye mamlaka walitaka kujua ni miti gani ya kigeni ingeweza kukua upesi katika nchi hii ili ipate kutumiwa. Basi miti ilipandwa hapa kwa kujaribiwa. Garimoshi za kuni zimekwisha, lakini miti imesalia, nayo sasa ni mamia ya aina. Mingi ina kibao chenye jina lake. Mwanafunzi wa Biolojia akipita hapa kwa saa mbili na daftari mkononi atajifunza mengi kuliko kwa kukariri.

Uhuru Park

Wako wanaoichanganya bustani hii na Uhuru Gardens. Uhuru Gardens iko kando ya barabara ya Lang'ata, na ndipo bendera ya Kenya ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba, 1963. Uhuru Park iko kando ya katikati ya mji, nayo ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Ni hapa Katiba ya sasa ilipotiwa sahihi tarehe 27 Agosti, 2010.

Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga humo jumba la orofa 60. Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, aliandika barua kwa ofisi za Serikali na kwa wakubwa wa nchi za nje, akiuliza kwa nini wananchi wanyang'anywe mahali pao pa kupumzikia. Alidhihakiwa Bungeni, na Mahakama Kuu ikaitupa kesi yake. Hata hivyo hakunyamaza. Mwishowe waliokuwa watoe fedha walijitoa, na jumba halikujengwa.

Msitu wa Karura

Karura ni msitu mkubwa ulio kaskazini ya jiji, wenye ukubwa wa hektari 1,000 hivi. Ulitangazwa kuwa msitu wa Serikali mwaka 1932. Ndani yake mna maporomoko ya maji, mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha, na vijia vya kutembea kwa miguu na kwa baiskeli, ambavyo jumla yake yapita kilomita 50. Mgeni hana hofu ya kupotea, kwa kuwa penye njia panda pamewekwa alama zenye nambari. Ukienda kimya waweza kuwaona mbega, kima na paa.

Katika miaka ya 1990 sehemu za msitu huu ziligawiwa watu binafsi ili wajenge. Tarehe 8 Januari, 1999, Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti, wakashambuliwa na watu waliokodiwa, naye akapigwa kichwani hata akatoka damu. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao waliandamana. Mwezi wa Agosti mwaka uo huo Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Profesa Maathai alipata Tuzo ya Nobel ya Amani.

Jambo la kujifunza

Msomaji ataona kwamba katika bustani hizi nne, tatu zilikaribia kupotea, zote au sehemu yake. Zilizuiliwa na watu waliojua mapema, wakauliza, wakaandika.

Mtaani kwetu palikuwa na kiwanja tulichochezea kandanda. Siku moja tuliona pamezungushiwa mabati. Wazee walikwenda kuuliza, wakaambiwa waonyeshe hati kwamba kiwanja ni cha umma. Hawakuwa nayo, wala hawakujua ramani ya mtaa huwekwa wapi. Sasa pana ghala, na ndugu zangu wadogo huchezea kando ya barabara ya magari. Kila jioni mama yetu huwachungulia dirishani mpaka waingie ndani.

Kumbe sheria ilikuwako. Kifungu cha 35 cha Katiba chasema kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na ramani za ardhi ya umma ni miongoni mwa habari hizo. Lakini haki usiyoijua ni kama shoka lililofukiwa: mti hulioni likikata.

Kazi kwa wenzangu

Kila mmoja wetu atakaporudi nyumbani, na achague mahali pamoja pa umma: bustani, uwanja, kisima au kijisitu. Kisha afanye haya:

1. Apapime kwa hatua zake na kuchora ramani, akionyesha miti, maji na njia.

2. Aulize wazee watatu pamekuwa hivyo tangu lini, na aandike majibu yao pamoja na tarehe.

3. Aende na mzazi katika ofisi ya ardhi ya kaunti kuuliza pameandikwaje.

4. Aangalie nani wanapatumia na nani hawapatumii, na sababu yake. Mahali ambapo msichana aogopa kupita peke yake, au ambapo ada yamshinda mwenye watoto wengi, bado hapajawa pa watu wote.

Daftari hizo tukizikusanya katika maktaba ya shule, wadogo zetu watakuwa na kitu cha kuonyesha siku watakapoulizwa hati. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi ufa tumekwisha kuuona. Kilichobaki ni kazi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne