Dondoo muhimu: Samani zisizogombana

Kabla hujaenda kwa mafundi samani wa Keko kuagiza makochi, kaa kwanza na mbunifu wa mapambo ya ndani.

1. Mtajie bajeti yako halisi; ukiificha, atakuchorea nyumba ya mtu mwingine.
2. Pima milango na ngazi pia. Makochi mengi hukwama mlangoni, si sebuleni.
3. Chagua rangi mbili au tatu, uzirudie kwenye mapazia, mito na zulia.
4. Usiweke mninga kando ya paini iliyopakwa vanishi ya kuiga mninga, zitaumbuana.
5. Kipande cha kitambaa kitazame nyumbani, mchana na usiku. Taa za dukani hudanganya.
6. Kabati la bibi usilitupe! Mbunifu aanzie hapo.
7. Mlipe fundi kwa awamu, kwa maandishi.