Valvu Mbili, Boom Moja na Santuri za Bibi

Boom lilipoingia muhula uliopita nilikuwa nimeshaligawa kichwani: kodi ya chumba, chakula, na laki moja na nusu ya priampu ya valvu. Mnaopenda mziki wa nyumbani mnavijua hivi vitu. Kiboksi cheusi cha bati, juu vimetokeza vichupa viwili vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa gizani. Wanasema mziki ukipita humo unakuwa na "joto". Nikasema hii ndiyo dawa ya santuri za Bibi.

Bibi anakaa Ngamiani, Tanga. Ana santuri kumi na saba, nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 za lebo ya Mzuri ya Mombasa, za enzi ambazo Black Star na Lucky Star walikuwa wameigeuza taarabu kwa gita la umeme na besi, na Shakila anaimba. Hajazisikia tangu gramafoni ya Babu ilipokufa. Na masikio yake yanaondoka. Ukimwambia "safari" anasikia "habari". Kwa hiyo sikuwa na miaka ya kujaribu na kukosea.

Sahani ya kupigia niliipata mtumba, nzima. Amplifaya ninayo, ndogo ya transista. Kabla ya kulipia kiboksi nikampitia fundi redio mmoja palepale Ngamiani, mzee wa makamo, nimwonyeshe picha kwenye simu. Nilitegemea sifa. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo priampu unataka ikufanyie nini?"

Nasoma fizikia mwaka wa pili na sikuwa na jibu. Ndiyo maana naandika.

Simu yako ikitoa mziki kwa waya, inatoa karibu volti moja. Amplifaya ya kawaida inaridhika hata na robo ya hapo, kwa hiyo simu haihitaji priampu kukuza chochote; ukiiweka unanunua ladha tu. Sindano ya santuri ya aina ya sumaku ni mambo mengine. Inatoa milivolti kama 5. Hiyo inatakiwa ikuzwe mara hamsini, hata mara mia, ndipo amplifaya iamke.

Halafu kuna kazi ya pili ambayo wengi hatuijui. Santuri inapokatwa kiwandani, besi hupunguzwa ili mifereji isipanuke ikala nafasi yote, na sauti nyembamba huongezwa ili izidi ule mkwaruzo. Priampu ya santuri lazima irudishe kinyumenyume, kwa kanuni iliyokubaliwa Marekani mwaka 1954 na inayoitwa RIAA. Ukilinganisha na sauti ya hezi 1,000, ile ya hezi 20 inainuliwa kama mara tisa, na ya hezi 20,000 inashushwa hadi kama sehemu ya kumi. Bila hiyo, besi ya Black Star inapotea na Shakila anaimba kama yuko ndani ya kopo.

Sasa hesabu valvu. Valvu maarufu ya kazi hii ni ECC83, Wamarekani wanaiita 12AX7, na bado inatengenezwa. Ndani ya chupa moja mna valvu mbili, na kila moja inakuza kama mara sitini. RIAA peke yake inakula kama mara kumi ya ukuzaji wako, kwa hiyo kila upande wa stereo unahitaji hatua mbili, yaani chupa nzima. Kiboksi changu kilikuwa na 6J1 mbili, hatua moja kila upande. Fundi akacheka. Kwenye viboksi vya namna hiyo, kama vimeandikwa vinapokea santuri, kazi ya santuri inafanywa na chipu iliyojificha chini. Valvu ipo, inapitisha. Na ule mwanga wa chungwa mara nyingi ni kitaa cha LED kilichowekwa chini ya kioo. Valvu yenyewe inawaka kidogo tu, wekundu hafifu.

Lakini kilichoniuma zaidi ni waya. ECC83 iliyofungwa kirahisi ina ukinzani wa kutolea wa karibu omu 40,000. Amplifaya yangu inapokea kwa omu 10,000. Gawanya: inafika sehemu moja ya tano tu ya sauti, nyingine imeliwa njiani. Halafu waya nao ni kapasita. Ukiwa na waya wa mita tano, tuseme pikofaradi 500 kwa jumla, ukaingiza kwenye amplifaya yenye ukinzani mkubwa, sauti nyembamba zinaanza kuanguka kuanzia hezi 8,000 hivi. Hilo ndilo "joto" watu wanalosifia kwenye baadhi ya viboksi! Kwa kijana mwenye masikio mazima ni utamu. Kwa Bibi ningekuwa natumia laki moja na nusu kumpunguzia palepale anapopungukiwa.

Dawa ipo: hatua moja zaidi ya valvu ya kushusha ukinzani, na waya mfupi. Priampu zilizotengenezwa hivyo zipo, ila boom haliziwezi.

Ukitaka mtumba, soma umeme wake. Wa Marekani ni volti 120, wa Japani 100, sisi 230. Ukichomeka bila kuuliza umeua transfoma. Na valvu halisi zinafanya kazi kwa volti 200 na zaidi. Kapasita zake zinashika umeme hata baada ya kuchomoa, kwa hiyo usifungue kwa udadisi. Wa pwani tuongeze moja: chumvi ya hewa inakula miguu ya valvu. Ikianza kukwaruza, zima, subiri, mwite fundi asafishe soketi kwa spiriti kabla hujanunua valvu mpya.

Nilinunua priampu ya santuri ya transista, elfu arobaini na tano, haina mwanga wowote. Iliyobaki nikanunua sindano mpya, maana iliyochakaa inachimba santuri na hizo hazichapwi tena.

Bibi alisikiliza upande wa kwanza kimya, kanga mdomoni. Upande wa pili alinyoosha kidole katikati ya wimbo. "Hapo, huyo wa gita anachelewa. Babu yako alikuwa akisema kila siku." Nikarudisha sindano. Kweli anachelewa, kidogo sana. Mimi nilikuwa sijasikia.

Valvu bado naitaka. Fundi ameniwekea ECC83 mbili alizozitoa kwenye amplifaya ya zamani, zimefungwa kwenye gazeti. Boom lijalo labda.