AFYA YETU: SUKARI YA ASILI NAYO NI SUKARI



Katika somo la leo tutazungumzia soda, hasa zile zinazouzwa kwa maneno "utamu wa asili" na "ladha ya zamani". Mfano wetu ni soda ya tangawizi, kwa kuwa tangawizi tunaifahamu sote. Hulimwa hapa kwetu, kama vile katika milima ya Upare wilayani Same, na tunaitia katika chai. Mtu akionja soda yenye ladha hiyo hukumbuka chai ya nyumbani, akadhani kwamba kinywaji hicho hakiwezi kumdhuru. Je, ni kweli? Tutazame.

SODA NI KITU GANI?

Soda ni maji, sukari, kiungo cha kuleta ladha, tindikali kidogo na gesi. Gesi hiyo ni hewa ukaa, ile ile tunayoitoa tunapopumua. Mwaka 1767 Mwingereza Joseph Priestley, aliyekuwa akiishi mjini Leeds karibu na kiwanda cha pombe, aliichunguza hewa iliyotanda juu ya mapipa ya pombe iliyokuwa ikichacha. Akagundua namna ya kuiingiza katika maji. Leo viwanda huisukuma kwa nguvu ndani ya maji baridi, kisha hufunga chupa. Ukiondoa kizibo, hewa hutoka na kufanya povu. Povu hilo linafurahisha ulimi, lakini halina chakula chochote.

NENO "ASILI" LATOKA WAPI?

Katika miaka ya 1980 viwanda vikubwa vya soda huko Marekani viliacha sukari ya miwa, vikatumia sharubati ya mahindi kwa kuwa ilikuwa nafuu. Baadaye watu wakatamani ladha waliyoizoea utotoni. Wafanyabiashara wakaleta tena soda zilizokolezwa kwa sukari ya miwa au asali, wakaziita za asili.

Kwetu Tanzania sukari ya miwa si jambo geni. Sukari ya Kilombero, Mtibwa, Kagera na TPC Moshi yote hutokana na miwa. Kwa hiyo tukumbuke jambo hili: neno "asili" linatuambia sukari imetoka wapi. Halituambii imetiwa kiasi gani. Tena sukari ya miwa, asali na sharubati ya mahindi, zote zikifika mwilini huwa glukosi na fruktosi. Mwili hauulizi zilitoka shambani au mzingani.

TUFANYE HESABU

Chukua kalamu na karatasi. Soda nyingi zina sukari kama gramu 10 katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 ina gramu 35. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4. Gawanya 35 kwa 4: utapata karibu vijiko 9. Je, wewe hutia vijiko 9 katika kikombe kimoja cha chai?

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya juisi za matunda, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayoipata katika chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50 kwa siku, yaani vijiko 12. Likasema ni bora zaidi isizidi nusu ya hapo, yaani vijiko 6. Chupa moja tu inavuka vijiko 6.

Na asali je? Katika gramu 100 za asali, sukari ni kama gramu 80. Kwa kuwa asali ni nzito, kijiko kimoja cha asali huwa na sukari nyingi kuliko kijiko cha sukari kilichosawazishwa. Tena mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwani yaweza kuwa na vijidudu vinavyomletea sumu ya hatari.

MADHARA YAKE

Kwanza, meno. Bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa tindikali. Soda yenyewe nayo ina tindikali. Zote mbili hula ganda la jino.

Pili, unene na kisukari. Soda haishibishi kama ugali na maharage, hivyo mtu huinywa na bado akala chakula chake chote. Anayekunywa kila siku huongeza hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili.

Tatu, wagonjwa. Ni desturi yetu njema kumpelekea mgonjwa soda. Lakini mtoto anayeharisha asipewe soda, hata ya tangawizi. Sukari nyingi huvuta maji kuyaingiza katika utumbo, na kuharisha huzidi. Lita moja ya soda ina sukari zaidi ya mara saba ya ile iliyo katika lita ya maji ya ORS. Mpe maji ya ORS, endelea kumnyonyesha, na umpeleke zahanati.

Mgonjwa wa kisukari naye asidanganywe na neno "asili". Atakunywa soda pale tu sukari yake inaposhuka sana, kama alivyofundishwa na mganga wake.

TUFANYE NINI?

Hatusemi soda isinywewe kamwe. Inywewe siku moja moja, kama harusini au sikukuu. Soma maandishi ya kwenye chupa, tafuta neno "sukari", kisha fanya hesabu kama tulivyofanya.

Nyumbani unaweza kutengeneza kinywaji cha tangawizi hivi:

1. Ponda kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole gumba.
2. Kichemshe katika lita moja ya maji kwa dakika 10, kisha chuja.
3. Tia sukari vijiko 4 vya chai, na maji ya ndimu moja.
4. Kiache kipoe, na mkinywe siku hiyo hiyo.

Lita hiyo hutoa bilauri nne, na kila bilauri ina kijiko kimoja tu cha sukari. Usitie hamira na kukifunga katika chupa ya kioo ili kipate gesi. Chupa huweza kupasuka na kumjeruhi mtu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Chupa ya mililita 500 ina vijiko vingapi vya sukari?
2. Kwa nini asali haimfai mgonjwa wa kisukari kama anavyodhani?
3. Badala ya soda, tumpelekee mgonjwa kitu gani kinachopatikana kijijini kwetu?