Vuli au "Mvua Fupi"? Majira, Mila na Msamiati wa Mwisho wa Mwaka katika Mji wa Salama

Utangulizi

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa kwa barabara kuu huupita mji wa Salama, katika Kaunti ya Makueni, kabla ya kufika Sultan Hamud. Ni mji mdogo wa maduka, mikahawa ya chai na nyama, karakana, na malori yaliyoegeshwa kando ya njia. Jina lake ni neno la Kiswahili, na mji jirani unaitwa kwa jina la Sultani Hamud bin Muhammad wa Zanzibar, aliyeitembelea reli ilipokuwa ikijengwa mwishoni mwa karne ya 19. Kwa kuyasikia majina haya mtu angeweza kudhani kwamba yuko karibu na pwani. La hasha. Wakulima wa vilima vinavyouzunguka mji huu ni Wakamba, na maisha yao ya miezi ya Oktoba, Novemba na Desemba husemwa kwa Kikamba kwanza, ndipo yakasemwa kwa Kiswahili.

Makala haya yanakusudia kuzichunguza shughuli za jamii za miezi hiyo mitatu. Pamoja na hayo, yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi tunazozitumia darasani na magazetini kuyataja majira hayo zina walakini, na kwamba walakini huo haudhuru sarufi tu bali unapotosha maana yenyewe.

Jina la majira

Ukambani hupata mvua mara mbili kwa mwaka. Mvua za Machi hadi Mei huitwa uua. Zile za Oktoba hadi Desemba huitwa nthwa. Kiswahili cha pwani kina masika na vuli, na majira yenyewe yanalingana: vuli huja upepo wa kusi unapokoma na kabla kaskazi haijashika. Basi nthwa ni vuli. Hapa hapana utata wowote.

Utata unaanza shuleni. Wanafunzi wengi wa Kenya hufundishwa "mvua ndefu" na "mvua fupi", maneno yaliyoletwa moja kwa moja kutoka Kiingereza. Kwanza, mvua katika Kiswahili haiwi fupi. Huwa kubwa, haba, ya rasharasha, au hukatika mapema. Pili, na hili ndilo zito, mkulima wa Makueni anapoambiwa "mvua fupi" husikia kana kwamba anaambiwa juu ya msimu mdogo, wa ziada. Ilhali katika nyanda hizi kavu za mashariki ya Kenya, vuli ndiyo mvua ya kutegemewa zaidi. Mahindi, maharagwe, kunde na pojo za mwaka hutegemea Novemba kuliko Aprili. Mbaazi, ambazo kwa Kikamba ni nzuu, hupandwa wakati huu zikavuka misimu yote miwili hadi kuvunwa katikati ya mwaka unaofuata. Kuuita msimu kama huu "mfupi" ni kuupima kwa kalenda ya mtu mwingine.

Kosa la pili hutokea katika tafsiri. Baadhi ya wafasiri, wakikutana na majira ya Ulaya ambapo majani hupukutika, huandika "vuli" na kuendelea na kazi. Msomaji wa Salama afanyeje? Kwake vuli ni wakati ambapo miti iliyokaa mitupu tangu Julai huchipua, na wakati mwingine mgunga hutoa majani hata kabla ya tone la kwanza kuanguka. Neno moja limebebeshwa picha mbili zinazopingana. Ni afadhali mfasiri aseme "majira ya majani kupukutika", hata kama sentensi itarefuka, kuliko kulinyang'anya neno vuli rutuba yake.

Mwethya: kazi ya mikono mingi

Shughuli kuu ya jamii katika msimu huu ni mwethya. Kwa asili, mwethya ni wito: mwenye shamba, au mwenye nyumba inayohitaji kuezekwa, huwaita majirani na jamaa kwa kazi ya siku moja, naye huwajibika kuwalisha. Hakuna ujira. Aliyeitwa leo ataita kesho, na anayekula kwa wenzake bila kuitika atajikuta peke yake siku ya shida. Kiswahili kina maneno yanayokaribia dhana hii, kama vile ujima na msaragambo, lakini kila moja lina historia yake, na sioni sababu ya kulifukuza mwethya kutoka katika Kiswahili cha Makueni kwa ajili ya usanifu.

Historia ya neno hili haikuwa shwari. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliona udongo wa Ukambani ukichukuliwa na maji, ikawalaumu wenyeji na mifugo yao. Mwaka 1938 ilipoamua kuwapunguzia ng'ombe kwa nguvu, Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba kwenda Nairobi kupinga, na uamuzi huo ukalegezwa. Katika miaka ya 1940 watu walishurutishwa kuchimba matuta kwa pamoja, na kazi hiyo ikachukiwa kwa sababu ilikuwa ya amri. Jambo la ajabu ni lililofuata. Watu walipoachiwa wachague viongozi wao na mashamba ya kuanzia, kazi ile ile iliyochukiwa ikapata moyo, hasa mikononi mwa wanawake. Utafiti wa Tiffen, Mortimore na Gichuki kuhusu wilaya ya Machakos, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na hata hivyo mmomonyoko ukapungua. Ikumbukwe kwamba Makueni ilikuwa sehemu ya Machakos mpaka mwaka 1992. Matuta yanayosimuliwa katika utafiti huo yamo pia katika vilima vya Mukaa na Kilungu.

Tuta linalopendwa huitwa fanya juu, jina la Kiswahili lililoingia katika vitabu vya kilimo vya dunia nzima bila kutafsiriwa. Mkulima huchimba mtaro unaofuata usawa wa mlima na kuurusha udongo upande wa juu, si wa chini. Mvua za vuli zinaposhuka kwa kishindo, kama ilivyo desturi yake, ukingo ule huyazuia maji na udongo, na baada ya miaka michache shamba la mteremko hujigeuza kuwa ngazi. Kazi hii hufanywa kabla ya mvua, ardhi ikiwa ngumu kama tofali. Ndiyo maana haifanywi na mtu mmoja.

Makundi haya haya hujenga mabwawa ya mchanga. Eneo hili halina ziwa, na mito yake mingi ni mikavu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa juu ya mwamba katikati ya mkondo; mafuriko ya Novemba huleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta; maji hubaki ndani ya mchanga, yakikingwa na jua. Mtoto anayechimba kwa kata mwezi wa Agosti anakunywa vuli ya mwaka uliopita.

Ithembo, kilumi na kanisa

Kabla ya kupanda, wazee wa zamani walikwenda ithembo. Neno hili linatokana na kitenzi kuthemba, yaani kutoa sadaka, na lilitaja mahali patakatifu, aghalabu chini ya muumo, mti mkubwa wa jamii ya mikuyu usioruhusiwa kukatwa. Hapo palitolewa mbuzi, vyakula na pombe, na Mulungu akaombwa mvua. Msomaji wa isimu ataona mara moja kwamba Mulungu wa Kikamba na Mungu wa Kiswahili ni neno moja. Kiswahili kimeidondosha tu sauti l, kama kilivyofanya katika maneno mengi.

Kilumi ilikuwa, na mahali pengine bado ni, ngoma ya maombi hayo. Huchezwa zaidi na wanawake watu wazima, kwa ngoma ndefu zenye mdundo unaoongezeka hadi mchezaji apandwe na pepo. Wakoloni waliiogopa nguvu hiyo. Mwaka 1911 harakati iliyoanzia katika ngoma na kupagawa, ikiongozwa na Siotune wa Kathuke na Kiamba wa Mutuavio, ilienea Ukambani hata serikali ikawahamisha viongozi hao. Wamisionari nao, waliofungua kituo huko Nzaui mwaka 1895, waliikataza kilumi kwa waumini wao. Leo katika miji kama Salama maombi ya mvua husikika zaidi kanisani. Sidhani kwamba mwanafunzi wa fasihi simulizi ana haki ya kuyaona hayo kuwa mwisho wa mila. Tukio ni lile lile: jamii iliyokusanyika, mwezi wa Oktoba, ikitazama mawingu.

Majina ya njaa

Na mawingu yasipoleta kitu? Wakamba wana desturi ya kuipa kila njaa jina. Njaa, au yua, iliyoipata nchi mwishoni mwa miaka ya 1890 ni Ngomanisye, iliyoenea kila mahali. Ile ya mwaka 1961 ni Yua ya Ndeke, kwa kuwa chakula kilidondoshwa na ndege. Neno ndeke lenyewe ni mkopo kutoka Kiswahili, kwani ndege wa angani mwenye manyoya huitwa nyunyi, neno ambalo Kiswahili cha ushairi bado kinalijua kama nyuni. Ya mwaka 1984 ni Nikw'a Ngwete, "nafa nikiwa nimeshika": mtu alikuwa na pesa mkononi na hakukuwa na chakula cha kununua. Ni maneno mawili tu, na ni vigumu kupata maelezo bora zaidi ya soko lililoshindwa.

John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliyefariki mwaka 2019, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa ya Kiafrika kwamba wakati huhesabiwa kwa matukio. Alichagua maneno ya Kiswahili, sasa na zamani, kuibeba nadharia yake. Wengi wameipinga nadharia hiyo, hasa dai kwamba wakati ujao hauna uzito. Mkulima anayechimba tuta litakalomfaa mjukuu wake anatosha kuwa hoja. Hata hivyo majina ya njaa yanaunga mkono sehemu ya kwanza ya maelezo yake.

Kazi iliyobaki

Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika, zikiwemo sehemu za mashariki ya Kenya. Kisha vuli ya mwaka 2023, chini ya El Niño, ikaleta mafuriko. Mambo haya yamehifadhiwa katika ripoti, kwa tarakimu na kwa Kiingereza. Wanachama wanaotoka Makueni na Kitui wanaombwa kuwauliza wazee wao maswali matatu: ukame huo umepewa jina gani, nani aliyelitamka kwanza, na je, vijana wanalijua? Majibu yaandikwe kwa Kikamba kama yalivyosemwa, kisha yafasiriwe. Wakati mzuri ni wiki ya Sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, hadi Krismasi, ambapo walio Nairobi na Mombasa hurejea nyumbani, palizi inaendelea, na wazee huwa na watu wa kuwasikiliza.