Damu ya Wachangiaji na Hesabu ya Wasioonekana Hospitalini

Mlipuko wa ugonjwa unapotokea, takwimu ya kwanza kutangazwa ni idadi ya wagonjwa waliothibitishwa. Takwimu hiyo ni ya lazima, lakini si hesabu ya walioambukizwa wote. Humhesabu mtu aliyeugua, akafika kituoni, akapimwa na majibu yake yakaandikwa. Aliyepata kikohozi chepesi akaendelea na shughuli za shamba hayumo. Aliyebeba virusi bila kuona dalili yoyote naye hayumo.

Pengo hilo lina gharama. Wanaopanga vitanda, dawa, chanjo na watumishi wakiamini kwamba maambukizi ni machache, hali kumbe yameenea, huduma hupelekwa pasipostahili na kwa wakati usiofaa. Somo hili linaeleza njia mojawapo ya kuliziba pengo hilo, yaani kupima kingamwili katika damu ya wachangiaji, kwa kutumia mfano wa nchi jirani ya Kenya wakati wa janga la UVIKO-19.

Kingamwili ni alama ya yaliyopita

Virusi vinapoingia mwilini, mwili hutengeneza kinga maalumu dhidi yake. Sehemu ya kinga hiyo huitwa kingamwili, nayo huelea katika majimaji ya damu. Kwa virusi vya UVIKO-19, kingamwili inayopimwa kwa kawaida huonekana baada ya wiki mbili hivi tangu maambukizi, na huweza kudumu kwa miezi kadhaa.

Hivyo, kipimo cha kingamwili hujibu swali tofauti na lile la kipimo cha virusi. Kipimo cha virusi huuliza: je, mtu huyu ana virusi sasa? Kipimo cha kingamwili huuliza: je, mwili wa mtu huyu umewahi kukutana na virusi hivi? Swali hili la pili ndilo linalofichua maambukizi yaliyopita kimya kimya.

Kwa nini wachangia damu

Njia bora ya kujua kiwango cha maambukizi ni kuchagua kaya kwa kura nchi nzima na kuchukua sampuli nyumba kwa nyumba. Njia hiyo ni ghali na huchukua muda mrefu, na wakati wa mlipuko huwahatarisha watumishi na wananchi wanaotembelewa. Wachangia damu, kwa upande mwingine, tayari wametoa damu, na damu hiyo hupelekwa maabara kupimwa kabla ya kupewa mgonjwa. Kiasi kidogo kinachobaki baada ya vipimo hivyo kinatosha kutafuta kingamwili. Hakuna anayechomwa sindano ya pili.

Mfano wa Kenya, 2020

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Kenya alitangazwa Machi 2020. Wengi walitarajia maafa makubwa, lakini kufikia tarehe 31 Julai mwaka huo waliothibitishwa walikuwa 20,636 na waliofariki 341. Maelezo yalikuwa mawili. Huenda virusi vilikuwa havijaenea. Au huenda vilikuwa vimeenea sana, lakini waliougua na kupimwa walikuwa wachache. Kwa kuhesabu wagonjwa peke yake, haikuwezekana kujua lipi ni kweli.

Watafiti wa taasisi ya KEMRI na Wellcome Trust, yenye maabara yake Kilifi, walishirikiana na huduma ya taifa ya damu ya Kenya na kupima sampuli 3,098 za wachangiaji zilizokusanywa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Sampuli 174 zilikuwa na kingamwili, sawa na asilimia 5.6. Baada ya marekebisho yatakayoelezwa hapa chini, kiwango cha taifa kilikadiriwa kuwa asilimia 4.3. Mombasa kilikuwa asilimia 8.0, Nairobi 7.3 na Kisumu 5.5.

Asilimia 4.3 inaweza kuonekana ndogo. Maana yake ni kwamba katika kila watu wazima milioni 1, takribani 43,000 walikuwa wamekwisha kuambukizwa. Kwa sensa ya 2019, Kenya ilikuwa na watu wapatao milioni 47.6, wagonjwa 20,636 ni kama 434 tu katika kila watu milioni 1. Makundi mawili haya hayalingani kwa umri, lakini tofauti ya karibu mara 100 haiwezi kuelezwa na umri pekee. Jibu lilipatikana: virusi vilikuwa vimeenea kuliko ilivyoonekana.

Hesabu hurekebishwa kabla ya kutangazwa

Kwa nini asilimia 5.6 ikawa 4.3? Marekebisho yalikuwa ya aina mbili.

Ya kwanza yanahusu kipimo chenyewe, kwa kuwa hakuna kipimo kisichokosea. Kipimo kilichotumika kiliwatambua asilimia 92.7 ya watu waliojulikana kuwa waliambukizwa. Kilipojaribiwa kwa damu iliyohifadhiwa tangu kabla ya ugonjwa huo kuwapo duniani, kilitoa jibu sahihi la "hapana" kwa asilimia 99.0. Chukua wachangiaji 1,000, ambao 56 kati yao wana majibu ya "ndiyo". Kwa kuwa wengi wao hawakuambukizwa, kosa la asilimia 1 huleta majibu ya "ndiyo" ya uongo yapatayo 9 au 10. Hubaki kama 46 au 47 ya kweli. Lakini kipimo pia huwakosa baadhi ya walioambukizwa. Ukigawa idadi hiyo kwa 0.927 unapata kama 50. Hivyo 56 hugeuka 50, yaani asilimia 5.0. Jambo la kukumbuka ni kwamba maambukizi yanapokuwa machache, hata kosa dogo la kipimo huweza kuongeza hesabu isivyo haki.

Ya pili yanahusu watu waliopimwa. Wachangia damu hawafanani na jamii nzima: wanaume ni wengi kuliko wanawake, vijana ni wengi kuliko wazee, na baadhi ya maeneo huchangia zaidi ya mengine. Tuseme, kwa mfano wa kufikirika, wachangiaji 100 wa eneo fulani ni wanaume 80 na wanawake 20, na kingamwili imeonekana kwa wanaume 8 na mwanamke 1. Hesabu ya haraka ni asilimia 9. Lakini kiwango cha wanaume ni asilimia 10 na cha wanawake 5. Iwapo eneo hilo lina nusu kwa nusu, kiwango chake halisi ni asilimia 7.5. Nchini Kenya kila kundi la umri, jinsia na eneo lilipewa uzito kulingana na sensa.

Hata baada ya hayo, takwimu hubaki kuwa makadirio. Kiwango cha 4.3 kilitolewa pamoja na mipaka yake, kati ya asilimia 2.9 na 5.8. Msomaji akutanapo na takwimu ya aina hii isiyo na mipaka, ana haki ya kuiuliza.

Yaliyofuata

Upimaji uliendelea, na hapo ndipo faida yake kubwa ilipoonekana, kwa sababu njia ileile ikirudiwa huonyesha mwelekeo. Kufikia Septemba mosi 2020 kiwango cha taifa kilikadiriwa kuwa asilimia 9.1, na Nairobi 22.7. Kati ya Januari na katikati ya Machi 2021, sampuli 3,018 zilionyesha asilimia 48.5, na Nairobi 61.8. Chanjo ilianza kutolewa Kenya Machi 2021. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kingamwili hizo ilitokana na maambukizi yenyewe.

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba janga lilikuwa ukingoni. Haikuwa hivyo. Machi 2021 wimbi jipya liliikumba Kenya, na katikati ya mwaka huo likafuata lile la kirusi cha Delta. Nusu ya watu wazima hawakuwa na kingamwili, na kuwa nayo hakumzuii mtu kuambukizwa tena. Takwimu hizi hueleza virusi vimefika wapi. Hazitoi ruhusa ya kuacha tahadhari.

Mambo ya kuzingatia kwa mkazi wa kata

Kwanza, mkazi asikiapo idadi ya wagonjwa wa ugonjwa wowote, ajiulize ni wangapi waliofika kupimwa. Kijiji kisicho na mgonjwa aliyeandikwa huenda ni kijiji kilicho mbali na kipimo.

Pili, takwimu za jamii hazimwelezi mtu mmoja mmoja. Asilimia ya wilaya au ya taifa haimwambii Mzee fulani au Mama fulani kama yeye ana kinga.

Tatu, uchangiaji damu usitumike kama njia ya kujipima. Damu yote inayochangwa nchini hupimwa VVU, homa ya ini aina B na C, na kaswende. Lakini kama somo hili lilivyoonyesha, alama za maambukizi huchelewa kuonekana. Mtu anayehofia kwamba ameambukizwa karibuni aende kwenye zahanati au kituo cha afya kupata ushauri na kipimo, na asichangie damu kwa wakati huo, kwa usalama wa mgonjwa atakayeipokea.

Mwenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50 anaweza kuchangia: mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Damu hiyo kwanza ni ya mama anayejifungua, mtoto mwenye malaria kali na majeruhi wa ajali. Kinachobaki katika kichupa cha maabara huweza, kama ilivyokuwa Kenya, kuwafanya maelfu wasioonekana hospitalini wahesabiwe.