Kuchora na Kujaribu Somo la Intaneti

Mwalimu aliye darasani humwona mtoto aliyekwama, akarudia maelezo. Somo lipelekwalo kwa intaneti halina macho hayo. Kosa moja huwafikia wote. Redio nayo ilikuwa hivyo: ndiyo maana kampeni kubwa ya Mtu ni Afya, 1973, iliyofikia watu wapatao milioni 2, ilitanguliwa na Wakati wa Furaha, 1971, iliyokuwa ndogo.

Tuchukue somo la saruji, itengenezwayo hapa Pongwe. Gawa karatasi katika visanduku vinne:

1. Kuchimba mawe ya chokaa.
2. Kuyasaga pamoja na udongo.
3. Kuchoma tanuuni, kwa nyuzi zipatazo 1450 za sentigredi, hadi kupata klinka.
4. Kusaga klinka pamoja na jasi.

Katika kila kisanduku chora picha, andika maneno yatakayosemwa na swali moja.

Kisha rekodi kisanduku kimoja tu kwa simu, uwaonyeshe wanafunzi watano. Nyamaza, usiwaeleze. Wakwamapo, kosa ni la somo, si lao. Sahihisha mchoro kwanza, ndipo urekodi yaliyosalia.

Zoezi: Chora kisanduku cha tatu, ukimweleza mtoto klinka ni nini.